Vyaelea Vimeundwa: Warsha za Ubunifu na Ulimi wa Mafundi

Wahenga wametuachia msemo ambao kila mtoto wa visiwani huusikia kabla hajajua kuogelea: ukiona vyaelea, vimeundwa. Msemo huu hutumiwa kumkumbusha mtu kwamba kila chombo kipitacho mbele ya macho yake kina jasho la mtu nyuma yake. Katika makala haya nimekusudia kuutumia kwa jambo ambalo huenda baadhi ya wapenzi wa mashairi wakaliona geni ukumbini humu, nalo ni warsha za ubunifu wa teknolojia. Nakusudia ile mikutano ya siku chache ambamo wakulima, mafundi na wanafunzi hukusanywa ili waijue teknolojia mpya kwa kuishika, kuifungua na kuiunda upya kwa mikono yao wenyewe. Wahandisi wameziandikia ripoti nyingi. Mimi nitauliza swali la mhakiki: warsha hizi zinasema nasi kwa lugha gani, na ndani yake mtunzi ni nani?

Sina budi kuanza na neno lenyewe. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kubuni, nacho kinamtosha mshairi na fundi pamoja. Mtunzi hubuni kisa, seremala hubuni kabati, na mwongo naye hubuni udhuru wake. Neno fundi nalo halichagui. Yuko fundi wa cherehani, yuko fundi wa majahazi, na tukimsikia mtu aliyezipanga beti zake barabara tunasema huyu ni fundi wa kutunga. Kwa hiyo mshairi anapoambiwa kwamba mahali fulani kuna warsha ya ubunifu, hana haja ya kusimama mlangoni kama mgeni. Ni nyumbani kwake, na ana haki ya kuuliza mambo yanakwendaje humo.

Warsha za namna hii hazikuanzia kwetu, walakini zimekwisha kutufikia. Mwaka 2002, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, mhandisi Amy Smith alianzisha mafunzo yaliyokuja kujulikana kwa jina la D-Lab, yenye nia ya kutafuta vifaa rahisi kwa watu wenye kipato kidogo. Mwaka 2007 ikaitishwa chuoni hapo kambi ya kwanza ya kimataifa ya usanifu kwa ajili ya maendeleo. Kambi hiyo ikaja kufanyika Ghana, Brazil na Zambia, na mwaka 2014 ikafika Tanzania, mjini Arusha. Kaskazini mwa Uganda, kuanzia 2009, yakaundwa mafunzo mafupi ya vijijini kwa watu waliokuwa wakijenga upya maisha yao baada ya vita. Katika mafunzo hayo, kazi ya mwanzo huwa mara nyingi ni kukata kipande cha bati na kukikunja mpaka kiwe kifaa cha kupukuchulia mahindi. Fikra iliyo nyuma yake ni njema: mwanakijiji asipokee kifaa kilichokwisha kukamilika, bali ajifunze njia ya kukifikia, ili kesho akiwa peke yake aweze kubuni kingine.

Arusha jambo hili lilipata wenyewe. Fundi baskeli Bernard Kiwia alijulikana kwa kuunda vifaa kutokana na vipuri vya baskeli, ikiwemo chaja ya simu inayozungushwa kwa pedeli, naye ni miongoni mwa waliohusika na karakana ya Twende inayowafunza wengine kuunda vyao. Dar es Salaam, vijana wa STICLab walichukua mabaki ya mashine chakavu za ofisini wakaundia mashine ya kuchapa vitu vyenye umbo kamili. Visiwani kwetu, kuanzia mwaka 2016, Unguja na Pemba zilipigwa picha kutoka angani kwa ndege ndogo zisizo na rubani, kazi iliyosimamiwa na Kamisheni ya Ardhi na kuwashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kwa ufupi, si jambo la mbali tena. Mtoto wa jirani yako huenda ameirusha ndege hiyo.

Mimi nililijua jambo hili kwa mlango wa uani. Sikupita chuo. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi moja iliyochanika jalada na kwa vitabu vya kuazima, na tafsiri imekuwa ikinipa mkate ambao mashairi hayajawahi kunipa. Miaka michache iliyopita nilipewa kijitabu cha mafunzo ya warsha kama hizi nikifasiri kwa Kiswahili. Waliokitoa sitawataja. Makosa nitakayoyaeleza ni yangu zaidi kuliko yao. Nilipokwisha kukifasiri, nikaalikwa kukiona kikitumika, Turiani.

Wengi wetu visiwani tukisikia Morogoro tunafikiria Uluguru, ile milima ambayo mji umeegemea mgongo wake. Lakini ukitoka mjini ukashika njia ya kaskazini, ukauvuka mto Wami pale Dakawa na kuupita uwanda wa mpunga wa Mkindo, unakutana na milima mingine, ya Nguru, na chini yake ndipo ilipo Turiani, katika Wilaya ya Mvomero. Ni nchi ya maji. Mto Diwale unateremka kutoka msituni, na bondeni kumetanda miwa ya Mtibwa, penye kiwanda cha sukari ambacho karibu kila nyumba ina habari yake. Msimu wa kuchoma miwa, majivu membamba meusi huruka hewani yakatua juu ya nguo zilizoanikwa. Mtu wa pwani aliyezoea chumvi kwenye dirisha lake huyafahamu mara moja majivu yale: kila mji na vumbi lake.

Wala haikuwa nchi iliyosubiri warsha yetu ili ijue ubunifu. Hapo Mkindo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wamefanya kazi na wakulima juu ya kilimo shadidi cha mpunga. Mtindo huo ulianzia Madagascar, ile Bukini ya wazee wetu, katika miaka ya 1980, kwa juhudi za kasisi Mfaransa Henri de Laulanié. Miche hupandwa ingali michanga, mmoja mmoja, kwa mistari ya sentimita 25 hivi iliyopimwa kwa kamba yenye mafundo, na maji huingizwa shambani na kutolewa kwa zamu. Mtu aliyezoea kuhesabu mizani akitazama kamba ile ya mafundo haoni ugeni wowote. Naona pia kwamba waliolileta jambo hili kwa Kiswahili walipata bahati ya neno. Shadidi ni neno lenye nguvu kinywani, lina haiba ya utenzi, na mkulima analitamka bila kujikwaa.

Warsha yetu ilikuwa ya siku tatu, chini ya banda lisilo na kuta, kwa watu wapatao 20. Siku ya kwanza ilikuwa ya bati na mahindi. Siku ya pili ilikuwa ya makaa, na hiyo ndiyo ninayoitaka hapa.

Ufundi wa makaa hayo ulienezwa na wana D-Lab kuanzia Haiti, nchi ya miwa iliyokatwa misitu yake. Unachukua pipa la lita 200, unalitoboa matundu chini na kulikata mdomo juu. Unalijaza makapi ya miwa yaliyokaushwa au magunzi ya mahindi, unatia moto, unaungoja moshi mzito ukonde, kisha unaziba juu na chini kwa bati na udongo. Baada ya saa mbili hivi, kilichomo ndani kimekuwa makaa bila ya kuwa majivu. Makapi ya miwa hutoka yakiwa malaini, hivyo hupondwa yakawa unga, yakachanganywa na uji wa muhogo, yakafinyangwa na kuanikwa juani. Magunzi huweza kutumika vivyo hivyo yalivyo. Kwa watu wanaokaa chini ya msitu ambao kila gunia la mkaa huupunguza, jambo hili si mchezo wa siku tatu.

Ikafika zamu yangu kusoma. Nikasoma kwa sauti ya mtu aliyeipenda kazi yake: “Changanya unga wa makaa na kiunganishi kwa uwiano unaofaa.” Kukawa kimya. Kijana mmoja aliyekwisha kidato cha nne akasema kiunganishi anakijua, ni “na”, ni “lakini”, ni “kwa sababu”. Watu wakacheka, nami nikacheka, maana alisema kweli. Bibi mmoja aliyekaa karibu na jiko akaitazama sufuria iliyokuwa mbele yake, kisha akanitazama mimi.

“Baba, si useme uji?”

“Ni uji, bibi,” nikamjibu.

Kazi ikaendelea. Pipa likawashwa, moshi ukawa mweupe, mzito, wa kuwasha macho. Nikasoma tena: “Moshi unapopungua, zuia uingiaji wa hewa kwa kuziba matundu yote ya chombo.” Vijana wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Bibi yule hakuningoja. Alimwita mjukuu wake akamwambia, “Haya, sasa linyime pumzi.” Yule mtoto akarukia koleo na udongo. “Likipumua tu,” akaongeza bibi, “mtakuta majivu.”

Nimeisikiliza sentensi ile kichwani mwangu mara nyingi kuliko baadhi ya mashairi niliyoyahifadhi, na hapa naomba ruhusa ya kuihakiki kama ninavyohakiki ubeti.

Tazama kwanza sentensi yangu mimi. “Zuia uingiaji wa hewa.” Nimechukua kitenzi kilicho hai, kuingia, nikakigandisha kikawa nomino, kisha nikaliwekea mbele yake neno la amri. Katika sentensi ile hakuna anayefanya wala anayefanyiwa. Ndani yake pipa halipo, kuna “chombo”. Sababu haipo, na hatari haipo. Ni sentensi iliyovaa kanzu ya ofisini, na walioisikia walifanya kile ambacho watu hufanya mbele ya ofisi: walisimama wakangoja.

Sasa tazama yake. “Linyime pumzi.” Kiambishi kile kidogo, li, kimelirejesha pipa mbele ya macho ya wote. Kunyima ni kitenzi cha watu, hutumika baina ya mwenye kitu na mwenye kukitaka, kwa hiyo pipa limekuwa mlafi anayetaka zaidi ya haki yake. Na pumzi imebeba sayansi yote ya jambo lile: moto hupumua kama tupumuavyo, ukikosa hewa haufi papo hapo bali hugeuza kazi yake, na kitu huiva pasipo kuteketea. Sentensi ya pili ikaleta matokeo: likipumua, majivu. Katika maneno machache bibi alikuwa ametoa amri, sababu na onyo. Kijitabu changu kilihitaji ukurasa mzima kwa hayo, na ukurasa wenyewe haukufahamika.

Huenda msomaji akaniambia kwamba natukuza maneno ya jikoni kwa kuwa mimi ni mshairi, na kwamba kazi ya warsha ni makaa, si balagha. Hoja hii naiheshimu. Mwenye njaa ya kuni hataki istiari. Lakini warsha hizi zenyewe zinadai kwamba lengo lao si kifaa, bali ni kumfanya mshiriki awe mbunifu. Ikiwa hivyo ndivyo, basi pahala pa kupima kama mtu amekuwa mbunifu si kwenye pipa tu. Pipa lilibuniwa kwengine. Kilichobuniwa Turiani siku ile, mbele ya macho yangu, kilikuwa ni ile namna ya kulifahamu pipa na kulieleza, ambayo ndiyo itakayobaki mtoto yule akikua na kumfundisha mwingine wakati kijitabu kimekwisha kufungiwa karanga.

Mafundi wetu wa majahazi walilijua hili bila ya kuandikiwa. Nenda Nungwi ukamsikilize fundi akiwa na tezo na keekee mkononi. Atakutajia mkuku, mataruma, hanamu, fashini, atakueleza namna ya kukalafati mshono. Maneno haya hayana asili moja. Mengine ni ya Kibantu, mengine ya ng'ambo ya bahari, na mengine yaliachwa na Wareno walipoondoka. Hakuna baraza lililoyapitisha. Yalipanda chomboni kwa sababu fundi aliyahitaji, yakabaki kwa sababu mkono uliyakubali. Fundi wa gereji naye hakuomba idhini ya mtu kusema spana, bisibisi, nati, kuchomelea.

Kwa hiyo sisemi kwamba tuyatupe maneno mapya, wala sijiungi na wale wanaotaka kila kitu kiitwe kwa neno lililochimbwa kamusini. Baraza la Kiswahili la Taifa lina kazi yake, nalo limetupa maneno mazuri na mengine yaliyokufa mchanga. Kishikwambi nilipolisikia mara ya kwanza sikulipenda. Kisha ikaja sensa ya mwaka 2022, makarani wakapita nyumba kwa nyumba navyo mikononi, na neno likapata miguu. Lilitoka ofisini, lakini lilipata uhai liliposhikwa. Nililolikosea mimi katika “kiunganishi” si kwamba nilibuni neno, bali kwamba nililibuni mbali na sufuria.

Siku ya tatu, waandaaji walitoa simu za kisasa ili washiriki wapige picha kazi zao na kurekodi maelezo. Nilifurahi nikidhani kwamba sasa ile sauti itahifadhiwa. Picha zilipigwa nyingi. Sauti zilirekodiwa pia, lakini kila aliyeshika simu aliambiwa aseme jina la kifaa, hatua zake na faida zake, kwa mpangilio wa kijitabu. Bibi yule alipofikiwa, akasema kwa adabu: tulichanganya na kiunganishi. Alikuwa amejifunza Kiswahili changu. Hapo ndipo niliposikia haya.

Nalinganisha siku ile na kazi nyingine ambayo, kwa maoni yangu, wapenzi wa fasihi ya Kiswahili hawajaisoma inavyostahili. Mwaka 2011, huko Chambezi, wilayani Bagamoyo, ilianzishwa kazi iliyoitwa Sauti ya Wakulima. Aliyeibuni upande wa programu ni Eugenio Tisselli, mshairi na mtunzi wa programu kutoka Mexico, akishirikiana na watafiti na wakulima wa hapo. Wakulima 10, wanawake 5 na wanaume 5, walipewa simu 2 tu. Simu zilizunguka kwa zamu. Kila aliyezipata alipiga picha alichokiona shambani na kuitia sauti yake, na vyote viwili vikaenda kwenye ukurasa wa pamoja katika intaneti. Kisha kila Jumatatu wote walikusanyika kwenye kituo cha kilimo wakatazama na kusikiliza yaliyokusanywa wiki ile.

Nia ya mwanzo ilikuwa kuandika athari za mabadiliko ya hali ya hewa, mvua zilizochelewa na wadudu waliozidi. Hayo yalirekodiwa. Lakini wakulima wakaichukua simu wakaipeleka walikotaka wenyewe. Walianza kuwatembelea wakulima wenzao na kuwahoji: umepanda nini, umepandaje, umeipataje mbegu hii. Chombo kilichokusudiwa kuwa jicho la kuangalia mimea kikawa kinywa cha kuulizana. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo, wala hakuna aliyewakataza. Katika lugha yetu ya ushairi ningesema walipewa bahari, wakatunga humo shairi lao.

Nikiisoma Sauti ya Wakulima kama diwani, naona ubora wake na upungufu wake. Ubora mkubwa ni hiyo Jumatatu. Picha na sauti zilizotapakaa ni kama mishororo isiyo na kituo, hazina muwala mpaka watu wakae pamoja wazisikilize, wakubaliane na wapingane. Simu ilikusanya, lakini baraza ndilo lililotunga. Na uchache wa simu, ambao mtu angeuona ni dhiki, uligeuka kuwa kanuni ya utunzi: huwezi kuwa na chombo peke yako, lazima umpishe mwenzako, na unapomkabidhi unamkabidhi pia zamu ya kusema. Ni desturi ya majibizano tuliyoizoea, ambapo malenga hutua ili mwingine ainue.

Upungufu wake ni wa jumba la kuhifadhia. Sauti za Chambezi zilikaa katika mitambo iliyo mbali na Chambezi, na sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu yake yameandikwa kwa Kiingereza, kwa wasomaji wa vyuo vya Ulaya. Mkulima alisema kwa Kiswahili, akajadiliwa kwa lugha nyingine. Simwekei Tisselli lawama hii peke yake. Sisi tulio na majarida ya Kiswahili tulikuwa wapi? Limekuwa likitolewa jarida la kilimo kwa Kiswahili chepesi, jina lake Mkulima Mbunifu, na wakulima wanalisoma. Wahakiki wa fasihi hatujawahi kulifungua tukajiuliza Kiswahili kile kinafanya nini.

Kuna jambo moja zaidi katika habari ya Tisselli ambalo mshairi hawezi kulipita. Mwaka huohuo wa 2011, yeye aliyekuwa ametunga mashairi ya kompyuta kwa miaka, aliandika tamko la kueleza kwa nini ameacha kuyatunga. Aliona kwamba mtunzi anayetumia mashine hizi hana budi kuuliza zimetoka wapi, kwa gharama ya nani, na zitatupwa wapi. Swali hilo lisitufikie sisi kama habari za mbali. Madini yaliyomo ndani ya simu hutoka pia Kongo ya mashariki, kwa watu wanaosema Kiswahili hikihiki, na simu ikifa hurudi Afrika kama takataka. Anayeendesha warsha ya teknolojia mpya bila ya kuligusa hili anafundisha nusu ya ubeti. Vyaelea vimeundwa, naam, na mbao zilikatwa kwenye msitu wa mtu.

Basi ikiwa nitaulizwa mizani yangu ya kuzipima warsha hizi, sitauliza vifaa vingapi vilikamilika. Nitauliza kama mshiriki alikuwa na ruhusa ya kuligeuza jina la kitu, kama alivyokuwa na ruhusa ya kuligeuza bati. Mwenye kuruhusiwa kukunja bati tu, wakati maneno yote yamekwisha kukunjwa na mwingine, huyo ni kibarua mwenye cheti. Na nitauliza kama maneno aliyoyatoa yalirudi kitabuni, au yaliishia kwenye moshi.

Hapa lazima nikamilishe kisa changu, kwani hapo ndipo kilipo kidonda. Miezi kadhaa baada ya Turiani nililetewa rasimu ya toleo la pili la kijitabu niipitie. Picha ya bibi ilikuwemo, amesimama kando ya pipa, na chini yake pameandikwa “mshiriki”. Katika ukurasa uliofuata lilikuwepo neno langu, kiunganishi, na ile sentensi yangu ya uingiaji wa hewa. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na siku nne, na hakuna aliyenizuia. Sikubadilisha. Nilijiambia kwamba “uji” litaonekana neno la jikoni mbele ya wafadhili, na kwamba “linyime pumzi” litaonekana mzaha. Nilijiambia pia kwamba nalipwa kwa ukurasa, na kubadilisha kutanichelewesha. Sababu ya kweli ilikuwa nyingine. Mtu aliyejifunza mwenyewe, asiye na shahada ukutani, huogopa kuandika kwa urahisi, kwa kuwa urahisi haumlindi. Neno gumu lilikuwa ndio cheti changu. Nami kwa ajili ya cheti hicho nikamnyang'anya bibi wa watu utunzi wake, huku nikijiita mshairi.

Sidhani kama niko peke yangu. Wafasiri wa miongozo ya afya, ya kilimo, ya uchaguzi na ya kompyuta tuko wengi, na wengi wetu tunatoka katika ushairi, kwani huko ndiko tulikojifunza kuipenda lugha. Warsha hizi zitaendelea kuja, na vyombo vyake vitakuwa vipya zaidi kuliko pipa na simu. Zikija, waandaaji wamwalike mfasiri siku ya kwanza, si baada ya kila kitu kuchapwa. Naye akifika asisimame na karatasi. Akae karibu na sufuria, na akisikia neno aliandike, na mwenye neno atajwe kama atajwavyo mwenye shairi, akiridhia mwenyewe kutajwa.

Nakala yangu ya kijitabu kile ninayo bado. Ukurasa wa makaa nimeusahihisha kwa penseli, nikafuta mistari yangu miwili na kuandika pembeni aliyoyasema bibi. Waliokitoa nimewaandikia barua kuwaomba kwamba, wakichapa tena, wautumie ukurasa huo. Na kwa kuwa sikumuuliza jina lake siku ile, nimewaomba pia wamtume mtu Turiani akamuulize.